Fundi Tursunboy Hakufia Kwenye Mswala

Siku ya tatu baada ya maziko, Zulhumor alisikia kitanda cha kufumia kikigonga karakanani. Pigo moja tu, tak, kisha kimya. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa uani, na karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli tangu baba yake, Fundi Tursunboy, alipotolewa humo.

Akafungua. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na harufu nzito ya vifukofuko vya viwavi wa hariri vilivyochemshwa, ile iliyokaa kwenye nguo za baba yake miaka hamsini, na kitambaa alichokiacha nusu kilikuwa kimeongezeka shubiri nzima.

Alimweleza kaka yake, Ikrom. Ikrom akamwambia amechoka kwa kulia, alale, na asiende kuropoka kwa majirani, maana khitma ya siku ya ishirini inakuja na yeye amealika nusu ya mji wa Margilani.

Hasira zikamkaba Zulhumor. Mzee yule alilea watoto watano kwa mguu wake wa kulia, akikanyaga ubao wa kitanda kile tangu alfajiri hadi magharibi. Akawaoza wote. Akamjengea Ikrom nyumba ya ghorofa. Zulhumor alipoachika, akamfungulia mlango bila kumuuliza neno. Mwaka huu, miti ya aprikoti ilipochanua na kifua kikaanza kumbana, aliomba apumzike mwezi mmoja tu. Ikrom akamjibu kwamba vitambaa vya harusi ya watu wazito vimeshaahidiwa, avimalize kwanza. Mzee akafia palepale, mguu juu ya ubao. Na Ikrom akawatangazia watu kwamba baba yao amekata roho kwenye mswala, baada ya sala ya adhuhuri.

Siku ya khitma ua ulijaa. Pilau ilikuwa inapakuliwa Ikrom aliposimama, mkono kifuani, akasema baba yake alikuwa mtu wa kazi, ila yeye kama mwana alihakikisha mzee anapumzika, na Mungu akamchukua akiwa kwenye mswala.

Tak.

Watu wakageuza shingo. Tak, tak, kitanda kikagonga tena nyuma ya mlango uliofungwa, kikaongeza kasi, na harufu ya hariri iliyochemshwa ikamiminika uani mpaka wazee wakaziba pua kwa mikono ya majoho yao, na kufuli ikadondoka bila kuguswa, na Ikrom, aliyekuwa bado amesimama na mkono kifuani, akaanza kuburuta miguu kuelekea karakanani kama mtu aliyeshikwa ukosi, akitikisa kichwa kukataa huku miguu ikikubali, mpaka akaketi pale alipokuwa akiketi baba yake na mguu wake wa kulia ukashuka juu ya ubao.

Bibi Norbibi, mganga wa mtaa, alikuwa miongoni mwa wanawake waliokuja kupika. Akawasha isiriki, majani makavu ya kufukiza, akaingia na moshi wake, Zulhumor nyuma yake.

"Wewe nani?" akauliza taratibu.

Sauti iliyotoka kinywani mwa Ikrom ilikuwa ndogo na kavu. "Mkaaji wa humu. Nimeishi na fundi tangu hajaota ndevu. Hakumwaga maji ya moto hata siku moja bila kunitaka radhi kwanza."

"Unataka nini, mwenzetu?"

"Waseme alikofia."

Ikrom alikuwa anafuma kwa kasi ambayo hakuna binadamu angeiweza, machozi yanamtiririka, midomo ameibana asiseme. Nyuzi zilikuwa zimemchana vidole, na damu ilikuwa inaingia kwenye kitambaa.

"Mwanangu, msihi kaka yako," Bibi Norbibi akanong'ona. "Atakufa huyu."

Zulhumor akamtazama kaka yake. Hakusikia huruma. "Mwache," akasema. "Baba aliomba mwezi mzima. Huyu hajamaliza hata saa."

Kichwa cha Ikrom kikageuka polepole, mikono ikiendelea na kazi, na ile sauti kavu ikamuuliza: "Na wewe je? Leso zake zenye damu alikuwa anazifua nani?"

Alizifua Zulhumor mwenyewe, majuma sita, akizianika nyuma ya banda pasipoonekana, kwa kuogopa kwamba akimpinga Ikrom atafukuzwa nyumbani.

Akatoka hadi mlangoni, mbele ya ua mzima.

"Baba yangu alifia humu, kazini," akasema. "Alikuwa anatema damu. Mimi nilijua nikanyamaza. Kaka yangu aliombwa akakataa. Tumemuua sisi."

Ndani, Ikrom akaangua kilio, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Nilimkatalia. Aliniomba, nikamkatalia." Mguu ukasimama.

Bibi Norbibi alisoma na kunyunyiza maji hadi alasiri, mpaka upepo wa moto ukapita mlangoni ukapeperusha mitandio ya wanawake. Wageni waliondoka, pilau imegandia sahanini. Ikrom hajamsemesha dada yake tangu siku ile, na dada hajamtafuta.

Ijumaa iliyofuata Zulhumor alikwenda makaburini na ufagio. Akakuta kaburi la baba yake limeshafagiliwa, udongo umenyunyiziwa maji, na pembeni majani yamelala kama yanavyolala mahali mtu alipokaa kwa muda mrefu. Akakunja gauni, akainama ili akae hapo amsomee mzee.

"Hapa pana mtu," ikasema ile sauti ndogo, kavu. "Wewe kasimame kule."