Abdia Alivyomkana Babu Yake

Kila asubuhi Abdia aliondoka nyumbani pamoja na babu yake, Mzee Mahadi. Abdia akienda shule, babu akielekea steji ya Garsen, mahali yanaposimama mabasi ya Lamu na Hola. Huko aliketi kando ya kibanda cha chai akawapigia abiria zeze na kuimba. Alikuwa amefanya hivyo tangu ujana wake, na wengi walimpita kama hawamwoni. Wakilikaribia lango la shule, Abdia aliharakisha mwendo ili asionekane naye.

Siku moja Abdia alisahau chakula chake nyumbani. Wakati wa mapumziko, akiwa na rafiki yake Mitchelle, alimwona babu akiingia langoni, zeze begani, bakuli mkononi.

"Si yule mzee wa steji?" Mitchelle akacheka. "Anakuja kwako. Ni nani wako?"

"Simjui," Abdia akajibu. "Labda amechanganyikiwa."

Babu alikuwa karibu kuliko alivyodhani. Alisimama kidogo, kisha akasema kwa upole, "Samahani, wanangu. Nimekosea mtoto." Akageuka, akaenda zake.

Jioni hakumwuliza kitu. Walipoketi kula, Abdia hakuweza kumtazama usoni.

Muda si mrefu, abiria mmoja alimrekodi babu kwa simu akiimba wimbo wake wa mafuriko yaliyokikumba kijiji cha Wema. Wimbo ukasambaa nchi nzima. Redio zikaupiga, waandishi wa habari wakamjia kutoka Mombasa. Mzee aliyepuuzwa miaka yote akawa gumzo uzeeni. Abdia alitamani kujivunia babu yake, lakini angeanzia wapi?

Shule nayo ikamwalika babu. Wanafunzi walicheza hadi vumbi likatimka. Alipomaliza kuimba, Mwalimu Harith akamwuliza, "Mzee wetu, una mjukuu hapa shuleni?"

Macho ya babu yakamfikia Abdia, yakampita. "Hapana, mwalimu. Mimi ni mgeni tu hapa."

Abdia akahisi uso unamwaka. Alijua babu anamsitiri ili wenzake wasimwite mwongo. Akasimama.

"Ni babu yangu!" akasema. "Aliniletea chakula, nikamkana mbele ya Mitchelle. Niliona haya kwa sababu anaimba barabarani. Babu, nisamehe."

Mitchelle akainamisha kichwa. Babu akanyoosha mikono, naye Abdia akamkimbilia huku analia.

"Nilikusamehe siku ileile," babu akamwambia. "Lakini iliniuma, mjukuu wangu. Sitakuficha."

Mwalimu Harith akawageukia wanafunzi. "Kazi ya halali si aibu, hata kama hakuna anayeisifu," akasema. "Aibu ni kumkana mtu anayekulisha kwa kazi hiyo. Abdia alikosea. Leo amesema kweli mbele yetu sote, na hakulazimishwa na mtu. Nanyi mkikosea, fanyeni hivyo, wala msingoje mpaka mtu awe maarufu ndipo mumheshimu."