Nywele za Ukutani

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa lipu, wala yeye si mtu wa kutunga. Yeye na wenzake walikuwa wakikarabati nyumba ya makumbusho huko shamba. Hawakutaka kutupa kitu, hivyo waliloweka udongo wa kuta za zamani, wakapigia lipu ukumbi wenye giza ambamo viti vya magurudumu vingepita. Mama yake, asiyetembea, alikuwa amesubiri miaka kuingia humo.

Udongo ulinuka kama kichwa kisichooshwa, na ulijaa nywele zenye mafuta.

"Manyoya ya ng'ombe hayo, dada. Wazee waliyachanganya na udongo ili lipu isipasuke," mwenzake alimwambia, akamvulia glavu zake mwenyewe. Hata hivyo fundi alitapika.

Lipu ilipokauka, alikata kwa mkasi kila unywele uliochomoza, mama asije akagusa uchafu, kisha akamfuata getini.

Walipoingia, kule gizani walisikia chanuo likipita kwenye nywele ngumu, kwaru, kwaru, likanyamaza. Mama akapapasa ukuta.

"Mwanangu, nani kazisuka hizi?"

Fundi akawasha tochi. Nywele zilikuwa zimerudi, ndefu, zimesukwa mistari, na kati ya mstari na mstari udongo ulikuwa umetoa mba.