Alinisingizia Mwanaume Ili Afiche Mkoromo Wake

"Sema mbele ya mama na kaka. Kwa nini umehama chumba?"

Mume wangu, dereva wa lori, aliniuliza hivyo sebuleni, saa tisa mchana. Nilikuwa nimetoka kushona, nyuzi bado zimenigandia kwenye gauni.

"Unakoroma," nikamjibu.

Shemeji yangu mwalimu akacheka. "Shemeji, ndoa ya miaka tisa ivunjike kwa mkoromo?"

"Mkoromo ni kisingizio," mume wangu akasema. "Huu ni mwezi wa nne tangu ahamie chumba cha cherehani. Ana mwanaume huyu. Simu haiachi hata akienda chooni."

Mama mkwe hakunitazama. "Nilijua. Mwanamke hahami kitanda bure."

Nikaitoa simu, nikaiweka mezani.

"Ninachokificha ni hiki. Sikilizeni."

Mkoromo ukajaa sebuleni, kama mabati yanaburutwa kwenye zege. Halafu ukakatika. Kimya. Shemeji akaniangalia.

"Imezima?"

"Haijazima. Hapo pumzi imekata. Subiri."

Tukasubiri. Tabasamu la shemeji likafutika polepole. Kisha ikaja sauti ya mtu anayevuta hewa kama ametolewa majini, na mabati yakaanza upya.

"Ni hivyo mpaka asubuhi," nikasema. "Miaka miwili nilikuwa namgeuza alale ubavu kila pumzi ikikata. Siku moja nikasinzia kazini, sindano ikapita kwenye kidole. Ndipo nikahama, nipate usingizi hata wa saa mbili."

"Mafua hayo," mume wangu akadakia. "Natumia dawa ya matone."

"Na hii ni mafua?"

Nikawasomea ujumbe ulioingia kwangu siku tatu nyuma: "Ndugu mgonjwa, mashine yako ya hewa iko tayari tangu mwezi wa pili. Tunakukumbusha usiendeshe gari kabla ya kuanza matibabu. Fika kitengo cha usingizi."

Mume wangu akabadilika rangi.

"Uliandika namba yangu kama ndugu wa karibu," nikamwambia. "Nikapiga. Muuguzi akashangaa sijui kitu. Kumbe daktari alikukalisha akakueleza yote. Upunguze mwili, pombe uache, ulale ubavu. Kuna kifaa cha kuvaa mdomoni kinachosogeza taya mbele, akasema kwako hakitatosha. Upasuaji akasema usiukimbilie. Ya kwako ni mashine, kila unapolala. Nimekungoja siku tatu uniambie mwenyewe. Badala yake umeniitia kikao."

"Ulijua?" kaka yake akamuuliza.

Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Tajiri mwenye lori akisikia, ataniambia niweke ufunguo chini. Mimi bila lori ni nani?"

"Kwa hiyo ukaona afadhali mimi niitwe malaya," nikasema.

"Umewahi kusinzia kwenye usukani?" shemeji akauliza.

"Mara mbili. Ya pili niliamka niko upande usio wangu. Kulikuwa na mtu wa pikipiki mbele. Nusura nimgonge."

Mama mkwe akasema kwa sauti ya chini, "Baba yenu."

"Baba alikufa kwa ugonjwa wa moyo, mama," shemeji akamkumbusha.

"Ndivyo nilivyowaambia. Alikuwa anakoroma hivyo hivyo, ananyamaza hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nashukuru akinyamaza, kwa sababu ndipo na mimi nalala. Siku ya mwisho akanyamaza, nikasema afadhali. Nikalala mpaka kumekucha."

Mume wangu akainuka. Akachukua simu yake, akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Tajiri, safari ya kesho mpe mwingine."

"Kuna nini?"

"Naumwa. Nasinzia barabarani. Hospitali wamenikataza usukani."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili."

Tajiri akavuta pumzi. "Na umenibebea saruji yangu mpaka leo. Lete ufunguo."

Simu ikakatwa. Mume wangu akabaki ameishika.

"Mama, kaka," akasema. "Hakuna mwanaume. Nilimtunga."

Kisha akanigeukia. "Utarudi chumbani?"

"Nitarudi kuhakikisha unavaa hiyo mashine. Uliogopa, hilo nimelielewa. La mwanaume sijalisamehe. Usiniharakishe."

"Sitakuharakisha."

Wiki moja baadaye mama mkwe alikuja peke yake. Mwanawe alikuwa kwenye yadi ya malori ya tajiri, siku hizi anaandika namba za magari ya wenzake yanayoingia. Mama alikataa kiti, akaniomba nimpeleke chumbani.

Mashine ilikuwa juu ya stuli, kubwa kama boksi la viatu, na mpira wake na barakoa.

"Iwashe niisikie."

Nikaiwasha. Ikaanza kupuliza taratibu.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, mama."

"Mbona kitu chenyewe kidogo hivi."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja pale hewa inapotokea. Machozi yalikuwa yanamshuka, wala hakuyafuta.

"Nilikuona mhuni, mwanangu. Na wewe ulikuwa unafanya ambayo mimi sikuyafanya."

Nilikaa kando yake. Nilinyoosha mkono kuizima, akanishika.

"Iache kidogo," akasema.