Kilomita Ishirini na Sita kwa Mikono Minne

Usukani ulizunguka mzima mzima mikononi mwa Fundi, mwepesi kama mfuniko wa sufuria, na lori likaendelea kwenda lilikotaka lenyewe.

"Shikeni!"

Mbele yao palikuwa na mfereji uliochimbwa na mvua za zamani. Kina chake kilikuwa cha kiuno tu, lakini kiuno kinatosha. Pua ya lori ikazama, mkia ukanyanyuka, na kila kilichokuwa hakijafungwa nyuma ya viti kikaja mbele kusalimia: spana, dumu la maji, mfuko wa mikate, na jeki. Jeki ndiyo iliyomkuta Fundi. Ukingo wake ulimchana chini ya goti, ukaingia ndani kama unatafuta kitu ulichosahau.

Vumbi likatua. Pande zote lilikuwa jangwa la chumvi, jeupe, limepasuka kama kisigino cha mtembea peku. Hapakuwa na mti hata mmoja wa kumwonea mtu huruma.

Mdogo wake Fundi, ambaye mtaa mzima humwita Nesi kwa sababu ndiyo kazi yake, hakupiga yowe. Damu ya kaka yake ilikuwa inaruka kwa mapigo. Alivua mtandio, akaufunga juu ya goti, akapenyeza spana ya kumi na saba, akasokota mpaka Fundi akamtaja marehemu bibi yao. Damu ikasimama. Nesi akaangalia saa yake.

"Saa nne na dakika kumi. Sikilizeni. Nikiufungua huu, ataishiwa damu. Nikiuacha, mguu wenyewe utakufa. Awe mbele ya daktari kabla ya saa kumi. Ikipita hapo, siahidi mguu."

"Unasema kama mimi sipo," Fundi alisema, meno yakigongana.

"Upo, kaka. Nyamaza."

Abiria wa tatu, Brashi, mchora vibao na rafiki wa Fundi tangu shuleni, alikuwa ameshatambaa chini ya lori. Alitoka uso umempauka. Kiganjani alikuwa na bolti moja, nzima kabisa, ina mstari mweupe wa rangi kichwani.

Ule mstari wote watatu waliujua. Jumamosi tatu mfululizo walikuwa wanalibadilishia lori hilo kuukuu usukani. Ule wa zamani ulihitaji mabega ya ng'ombe, kwa hiyo walifunga boksi jipya la usukani lenye pampu ya mafuta, ili usukani uzunguke kwa kidole. Kazi yao ilikuwa na sheria moja: bolti ikishakazwa, inapigwa mstari mweupe. Fundi anakaza, Brashi anapaka. Jumamosi ya mwisho rangi ilikuwa inakauka kwenye kopo, na Fundi alikuwa amekwenda kula. Brashi akazipaka zile bolti nne za boksi mapema, ili rangi isipotee bure. Fundi alirudi ameshiba, akaona mistari minne, imenyooka, imependeza. Akapita.

"Nilipaka kabla," Brashi alisema. "Nilijua utazikaza tu."

Fundi aliusugua ule mstari kwa dole gumba. "Na mimi nilijua nimeshazikaza. Si nimeona mstari?"

"Mtaombana msamaha mkifika," Nesi alisema. "Lori linaenda au haliendi?"

Simu zilikuwa hazishiki. Nyumbani walikuwa wameaga kwamba watarudi kesho jioni, kwa hiyo leo hakuna ambaye angewatafuta. Asubuhi walikuwa wamepita kwenye geti la machimbo ya chumvi, penye zahanati na daktari. Kilomita ishirini na sita nyuma.

"Nitakimbia nikalete watu," Brashi alisema.

"Una miaka hamsini na moja na umevaa ndara," Fundi alisema. "Utafika umekauka kama samaki ng'onda. Hapana. Mimi sibaki hapa, lori halibaki hapa, na mguu wangu haubaki hapa. Nilazeni kivulini niwaambie la kufanya."

Wakamlaza. Kutoka hapo chini aliongoza kazi kwa sauti tu, kama mpishi kipofu.

Bolti mbili zilikuwa zimepotea jangwani, ya nne imepinda. Wakafungua mbili zilizoshikilia tairi la akiba. Unene ulikuwa sawa, ila zilizidi urefu.

"Jaza nati katikati. Kaza. Kaza tena."

"Zimefika, Fundi."

"Hazijafika. Weka uzito wako wote. Chuma kitakwambia chenyewe kikitosheka."

Brashi alining'inia kwenye spana mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Sikio la chesisi, pale boksi linapofungwa, lilikuwa limechanika, kwa hiyo walizungusha mkanda wa kufungia mizigo juu ya boksi na kuuvuta ukalia kama gitaa. Mpira wa pampu ulikuwa umepasuka na mafuta yote yamenywewa na chumvi. Bila mafuta, usukani ule ulikuwa mgumu kuliko wa zamani.

"Jumamosi tatu," Fundi alisema, macho yamefumbwa. "Tumefanikiwa kuuharibu kitaalamu."

Saa sita kasoro robo lori lilijivuta kinyumenyume kutoka mferejini. Fundi wakamlaza nyuma ya viti, Nesi akakaa kwenye usukani, Brashi akajibana pembeni yake, nusu ya makalio hewani, na wote wawili wakashika. Gia ya kwanza. Kukata kona ndogo kulitaka mikono yote minne na tusi moja.

"Kulia, dada," Brashi alisema.

"Ninavuta!"

"Vuta kama unamtoa mgonjwa sugu wodini."

Kila baada ya kilomita mbili mkanda ulilegea, na Brashi aliruka chini, akalala chali juu ya chumvi inayochoma, akaukaza. Hakungoja kuambiwa. Kisha injini ikaanza kuchemka. Dumu lilikuwa limepasuka, yamebaki maji lita sita. Brashi alilishika mkononi, akamwangalia Nesi.

"Lori kwanza," Nesi alisema. "Litie nne. Moja ya kaka. Moja yetu sisi, tulowanishe midomo."

Saa tisa kasoro kumi, kitu kiliruka chini ya lori kwa mlio wa bunduki. Bolti moja ilikuwa imekatika. Usukani ukapoteza nguvu, na magurudumu ya mbele yakaanza kuvutwa kwenye chumvi laini, ile inayomeza. Nesi alikanyaga breki. Walikuwa wamebakiza kilomita nne, na bolti nyingine hawakuwa nayo.

Nyuma, Fundi alikuwa amefumba macho, kichwa kimelala upande. Nesi aligeuka, akampiga kofi shavuni.

"Kaka! Boksi linacheza. Tufanyeje?"

Midomo yake ilikuwa mieupe. "Jeki," alisema taratibu. "Ilale kati ya boksi na chuma cha bampa. Ipandisheni mpaka ibane. Imenichana, sasa inibebe."

Wakaibana hapo. Brashi alipiga ngumi kwenye boksi, halikutikisika. Wakaondoka, na safari hii Nesi alitia gia ya pili, akaliambia jangwa maneno ambayo manesi hawafundishwi chuoni.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, mlinzi wa machimbo aliona lori linakuja upande upande kama kaa, halipunguzi mwendo. Alifungua geti bila kuuliza. Watu walipomshusha Fundi, wenzake wawili walibaki kwenye usukani. Vidole vilikuwa vimegoma kukunjuka. Ikabidi mlinzi avibandue kimoja kimoja.

Daktari alishona kwa dakika arobaini, kisha akalegeza mtandio polepole. Alikuwa daktari kijana na hakuficha uso.

"Kitambaa kimekaa muda mrefu mno," alisema. "Ikishindikana, itabidi tukate leo hii."

"Hukati," Fundi alisema kutoka kitandani.

"Mzee, mimi sijui kama damu itarudi."

"Mimi najua. Hukati."

Wakangoja. Unyayo ulikuwa na rangi ya majivu. Baada ya muda majivu yale yakaanza kuwa na madoa mekundu, madoa yakaungana.

"Tikisa kidole," daktari alisema.

Hakuna kilichotikisika. Brashi, aliyesimama mlangoni na viganja vimefungwa bandeji, akageukia ukuta.

"Kaka," Nesi alisema. "Tikisa."

Fundi aliuma meno, mishipa ikamtoka shingoni, kana kwamba analisukuma lori zima peke yake. Kidole gumba, cheusi kwa grisi, kikainama. Kikainuka.

Nesi alikaa chini sakafuni, palepale katikati ya chumba, akaangua kilio kikubwa alichokuwa amekiahirisha tangu saa nne asubuhi.