Hodi Chini ya Kuba

Aliyenisimulia haya ni Stephania, jirani yangu hapa Guildford, kitongoji cha Sydney, na usinibishie. Mtu aliyezika mtoto wake mwaka huu hana nguvu za kutunga uongo.

Kazi yake ni kupima majengo ya kale kabla hayajakarabatiwa. Jumanne moja asubuhi alitumwa peke yake kwenye bafu la kifalme lililofungwa miaka mingi, alimokuwa akioga mwana wa mfalme wa Uingereza kila alipokuja Sydney. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Ndani mlikuwa na giza totoro, nguzo za marumaru na hodhi kavu la vigae, na juu yake kuba kubwa linalorudisha kila sauti.

Kwa mazoea ya kwetu Tanga, akabisha mlangoni: "Hodi!"

Kuba likarudisha: hodi, hodi, hodi.

Machozi yakamtoka. Hivyo ndivyo alivyokuwa akibisha kila jioni akitoka kazini, na binti yake Gift, wa miaka saba, akimjibu kwa Kiingereza, "Coming, Mum!" Kiswahili alikielewa chote, ila kukisema alikataa katakata.

"Siku moja tu, mwanangu, niambie 'karibu'," Stephania alikuwa akimbembeleza.

Gift hakuwahi kulisema; homa ikamchukua mwezi Machi.

Stephania akafuta machozi, akawasha tochi, akapima ukuta wa kwanza. Mwangwi ulikuwa umenyamaza kitambo. Ndipo aliposikia maji yakichezewa ndani ya lile hodhi kavu, na sauti ya mtoto, kwa lafudhi ya watoto wa huku, ikasema polepole:

"Karibu, Mum."