Injini Iliyolilia Jina

Injini ya gari la mteja mmoja, Abdulkarimu, ilianza kulia saa tatu asubuhi, na haikuwa na kosa. Ringi mpya, beringi mpya, valvu zimesagwa zikakaa. Fundi Maganga wa Bariadi alikuwa ameifunga kwenye fremu ya chuma, nje ya gari, ingurume mpaka mchana, kwa sababu injini iliyofumuliwa na kusukwa upya lazima izoeshwe kwanza. Akakaza huku, akalegeza kule. Wapi! Inalia kama kichanga, inavuta pumzi, inalia tena.

"Hii inalilia jina," alitania Joakim, fundi mwenzake.

Kwa Wasukuma, kichanga kisiponyamaza hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja moja. Kikinyamaza, hilo ndilo lake. Sasa mtu mzima na akili zake, Maganga akainamia chuma akaanza kutaja! "Limbu! Mwandu! Nyanjige!"

Ikanyamaza. Ikanguruma laini, nao wakacheka mpaka machozi. Nyanjige alikuwa marehemu mama yake Maganga. Lakini jina hilo alishampa binti yake wa miezi mitano. Ndiyo maana wakasema mdomo uliponza kichwa.

Moshi wa ekzosi ukaanza kunuka maziwa yaliyochacha. Joakim akaacha kucheka.

Nyumba ilikuwa nyuma tu ya gereji. Esteria, mkewe, akatoka mbio na mtoto mikononi. "Baba Nyanjige, mtoto haamki!"

Maganga akamgusa, akamkuta wa baridi, akaona kile kifua kidogo kikipanda na kushuka mbiombio, sawasawa na mapigo ya injini, akaizima, na kifua kikasimama papo hapo, Esteria akapiga yowe, akaiwasha tena, ufunguo ukamponyoka mara mbili, na injini iliposhika, kifua nacho kikashika.

Wakamwita Mayu Milembe, mama mganga wa ng'ambo ya barabara. Alifika, akanusa moshi, hakusalimia mtu.

"Hilo ni jini," alinong'ona. "Lilikuwa kwenye chuma, linataka kuwa mtu. Umelipatia jina la mwanao, limechukua na pumzi yake. Litamwachia ukilitajia jina la mwingine aliye hai. Kisha zima upesi, lisimrudie mtoto."

"Na huyo mwingine?"

"Atazimika nayo," alisema Milembe.

"Nitaje mimi," Esteria alisema, analia. "Baba Nyanjige, nitaje mimi."

Maganga alimwangalia mkewe, akamwangalia mtoto, injini ikinguruma taratibu kana kwamba inasikiliza, na ule uvundo wa maziwa ukiwajaa puani mpaka kooni, akafumba macho.

"Joakim," akasema.

Mtoto akalia, kilio cha njaa, kikubwa. Joakim akaanguka magoti, kifua kikimwenda mbio na injini. Akajiburuta, akamshika Maganga mguu wa suruali.

"Usizime, kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuomba, kaka, usizime."

Maganga akamtazama binti yake akitafuta ziwa la mama yake, akalipata. Akazima.