Sijida Sitini na Nane

Kila siku shule ilipofungwa, mimi na Elieth tulishika njia moja. Tulipita nyuma ya uwanja wa mpira, tukanunua karanga kwa mama mmoja asiyependa kelele za watoto, kisha tukaingia mitaa ya Kikuyu, hapo Dodoma, tukiongea mpaka kwenye kona ya kwao. Kusema kweli, mwongeaji alikuwa yeye. Mimi nilisikiliza jinsi anavyotamka maneno, nami nikifika nyumbani niliyarudia peke yangu bafuni.

Mwaka ule Bunge lilikuwa limehamia Dodoma. Baba yake Elieth alikuwa karani wa Bunge, kwa hiyo familia yao nayo ikahama kutoka Dar es Salaam. Elieth aliingia darasa letu la sita na Kiswahili chake laini, na vineno vya Kiingereza alivyovipata kwenye televisheni. Darasani tulikuwamo Wagogo, Warangi, Wasandawe, Wanyaturu na watoto wa watumishi kutoka kila pembe ya nchi, lakini ukivuka geti la shule ulitakiwa kuiacha lugha ya kwenu nje. Kilikuwapo kibao cha mbao chenye kamba. Aliyesikika akisema kikabila alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Na kwa kuwa mjini ilikuwa imefunguliwa shule mpya ya binafsi ya Kiingereza, sisi watoto tulikwisha kupanga lugha zote vichwani mwetu: Kiingereza juu, Kiswahili katikati, na lugha ya mama chini, mlangoni, pamoja na viatu vyenye matope.

Kibao kile nilikivaa siku tatu katika wiki yangu ya kwanza Dodoma. Nilikuwa na miaka tisa. Wazazi wangu walikuwa wametangulia kuja mjini kutafuta maisha, mimi nikalelewa na Bibi, mama yake baba, katika kijiji cha milimani huko Kondoa. Kirangi ndicho nilichoota nacho ndoto na kulilia nacho. Baada ya siku zile tatu niliapa kwamba hakuna atakayenisikia tena nikikisema nje ya nyumba. Elieth aliponiuliza kwetu ni wapi, nilimjibu kwetu ni Tanga, na kwamba kwetu hatujui lugha nyingine ila Kiswahili. Tanga kwenyewe sijafika mpaka leo.

Mwezi wa Julai Bibi aliletwa Dodoma kupasuliwa mtoto wa jicho. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunga ukungu, na daktari alichagua kuanza na la kulia. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha salamu na cha mnadani tu. Bahati nzuri, kitanda cha jirani wodini alilazwa mama mmoja wa Kondoa, akawa ndiye mdomo na masikio yake kwa siku nne.

Siku ya Bibi kuruhusiwa ilikuwa Alhamisi. Baba alikuwa safarini Babati kununua maharage, maana siku hizo biashara ya mazao ilikuwa imefunguliwa na kila aliyeweza alijaribu. Mama alikuwa na mtoto mchanga wa wiki tatu, bado yuko ndani ya arobaini yake. Kwa hiyo nilitumwa mimi. Mama aliniagiza nisikilize maelezo yote ya hospitali, nimweleze Bibi neno kwa neno kwa Kirangi, kisha nikifika nimweleze na yeye. Nilikubali vizuri kabisa. Sikumwambia kwamba Elieth alikuwa amesema angenisindikiza.

Tulimkuta Bibi ameketi ukingoni mwa kitanda, jicho la kulia limefungwa bandeji na juu yake kikinga kigumu. Kitanda cha jirani kilikuwa kitupu, yule mama alikuwa ameondoka asubuhi. Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Anastazia, aliyerudi kazini siku hiyohiyo kutoka likizo. Tulimwamkia, akatuitikia, akafungua faili.

"Bibi yenu anaelewa Kiswahili?" aliuliza.

Elieth alikuwa amesimama bega kwa bega nami, ameshika mfuko wa machungwa aliyomletea mgonjwa.

"Anaelewa vizuri," nilijibu.

Basi Sista akamgeukia Bibi na kuanza kumweleza taratibu, kwa heshima, kama mtu anavyomweleza mtu anayemsikia. Bibi aliitikia kwa kichwa kila alipomaliza sentensi. Kwetu si adabu kumkatiza mtu anayejitahidi kwa ajili yako. Mimi nilimvuta Elieth hadi barazani nikamwonyesha gari la wagonjwa, nikiogopa Bibi asije akaniuliza jambo mbele yake. Katika maelezo yote yale sikusikia hata nusu.

Lakini swali lilikuja njiani. Bibi alikuwa amenishika mkono, anatembea polepole. Kule wodini, kwa kupitia yule mama wa Kondoa, walikuwa wamemkataza kuinama. Alikuwa amesali siku zote nne akiwa amelala, akiashiria kidogo tu kwa kichwa, na jambo hilo lilimsononesha. Aliniuliza kwa Kirangi, kwa sauti yake ya wazi ya mlimani, kama sasa wamemruhusu kuweka paji la uso chini.

"Bibi anasemaje?" Elieth akauliza.

"Anaomba dua tu," nikasema. Kisha nikamgeukia Bibi, na ili anyamaze nikamjibu kwa Kiswahili, kwa neno analolijua: "Ndiyo, Bibi. Ndiyo."

Uso wake ulijaa furaha. Nilijua kabisa nilikuwa nimeulizwa nini. Nilijiambia nitamrekebisha tukifika nyumbani, kisha nikajiambia labda Sista alimruhusu kweli. Tulipofika, Mama aliniuliza hospitali wamesemaje. Nilimsomea maandishi ya kwenye chupa: tone moja mara tatu kwa siku. Akauliza kama ni hayo tu, nami nikasema ni hayo tu. Nikimwambia zaidi angejua kwamba sikusikiliza, na angetaka kujua kwa nini.

Alasiri ile Bibi alitandika mkeka wake katika chumba tulicholala pamoja. Nilimtazama akiinama, akisujudu, paji la uso likigusa mkeka, kikinga cha jicho kikielekea sakafuni. Kinywa changu kilikuwa na lugha mbili za kumzuia, nami sikuitumia hata moja. Ijumaa nilikwenda shule kama kawaida. Jioni nilimwona akijishika ukutani baada ya kusali. Nilimuuliza kama anaumwa, akanijibu kwamba jicho linamkumbusha kuwa lipo. Usiku ule nilimtilia dawa, na kila aliponishukuru niliumia.

Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, alishindwa kuinuka peke yake. Niliingia nikamkuta ameketi juu ya mkeka, na pembeni mwa bandeji palikuwa na doa jekundu. Nilipiga ukelele. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akaivunja arobaini yake pale pale, tukaenda hospitali watatu na mtoto wa nne.

Daktari Optatus aliifungua bandeji na kulimulika jicho kwa muda mrefu. Akasema kuna damu ndani, na anaona kama mshono mmoja umelegea, ila hana hakika. Sista Anastazia alikuwa zamu tena. Daktari alimuuliza kama mgonjwa huyu alikatazwa kuinama. Sista alijibu kwamba alimweleza mwenyewe, tena mara mbili, kwamba asali kwa kukaa kwa wiki sita. Nilimwona anavyolitazama faili kana kwamba kosa liko mle ndani. Mtu mzima, hodari wa kazi yake, alikuwa anajitilia shaka kwa ajili yangu.

Mama alimuuliza Bibi kwa Kirangi ni mara ngapi ameinama, na nani alimwambia anaruhusiwa. Bibi aligeuza uso. Jicho lake la kushoto, lenye ukungu, lilielekea upande niliosimama. Kisha akajibu kwamba hakuna aliyemwambia. Alijisahau tu, jana, mara moja.

Mama akatafsiri. Daktari akashusha pumzi. Akasema kama ni mara moja, basi huenda damu ikanyonywa yenyewe. Atampa dawa, arudi nyumbani, waone Jumatatu.

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, nahesabu. Alhamisi alasiri, magharibi na isha, rakaa kumi na moja. Ijumaa sala zote tano, rakaa kumi na saba. Leo alfajiri na adhuhuri, rakaa sita. Jumla thelathini na nne, na kila rakaa ina sijida mbili. Bibi alikuwa amedanganya, yeye ambaye kijiji kizima kilimwachia funguo za nyumba zao, amedanganya akiwa na wudhu wake ili mimi nisiaibike. Na uongo ule ungemwondolea jicho.

"Ni sitini na nane," nikasema.

Wote waligeuka. Mama aliniuliza nasema nini.

"Amesujudu mara sitini na nane. Tangu Alhamisi. Aliniuliza kama ameruhusiwa, nikamwambia ndiyo. Sista hana kosa. Bibi hajui Kiswahili, mimi ndiye niliyesema anajua." Hapo machozi yalinishinda. "Nilikuwa na Elieth. Sikutaka anisikie nikisema Kirangi."

Mama hakunipiga wala hakunikaripia. Alimgeukia daktari. Daktari hakungoja kusikia mengine. Mara sitini na nane ni habari tofauti kabisa, alisema, na akaagiza chumba cha upasuaji kitayarishwe saa ileile. Kabla hawajamwingiza, aliniita kitandani. Bibi asingelazwa usingizi, angetiwa ganzi tu, kwa hiyo ilikuwa lazima aelewe kila kitu. Nilimweleza mimi, kwa Kirangi, mbele ya wauguzi na wagonjwa wote: usitikise kichwa, usikohoe, ukiumia inua kidole. Bibi alikishika kidevu changu akasema ni miaka mitatu hajanisikia nikisema kwa sauti nzima namna ile.

Mshono ulikuwa umelegea kweli. Daktari alisema tungengoja hadi Jumatatu jicho lingekuwa limekwisha.

Jumatatu nilimweleza Elieth yote, pale kwenye karanga. Nilimwambia kwamba mimi ni Mrangi, kwamba Tanga sijui hata basi lake linaelekea upande gani, na kwamba Bibi hakuwa anaomba dua. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alisimama akizungusha karanga kiganjani.

"Mimi bibi yangu yuko Rungwe," alisema mwishowe. "Tukienda likizo tunatazamana tu. Anasema maneno mengi, mimi natabasamu. Akiniuliza kitu, baba asipokuwepo, sijui kama nimeombwa maji au nimepewa baraka."

Nilimwongezea karanga kiganjani. Nilikuwa nimekificha kwa miaka mitatu kitu ambacho mwenzangu alikuwa anakitamani.

Kila siku baada ya shule nilikwenda wodini. Nilimtafsiria Bibi, kisha mzee mmoja wa Kondoa, kisha mama mwingine aliyeletwa Alhamisi. Elieth alikuja nami, akabeba chupa ya chai. Siku ya kufunguliwa bandeji Baba alikuwa amerudi, Mama alikuwapo na mtoto, na mimi nilisimama karibu na kitanda. Daktari aliinua vidole vitatu akauliza ni vingapi. Nikauliza kwa Kirangi. Bibi akasema vitatu, kisha akaongeza kwamba kucha za daktari zinahitaji kukatwa. Nilitafsiri na hilo pia. Hata hivyo daktari alituambia jicho halitakuwa kali kama ambavyo lingekuwa. Sehemu ya mwanga wake ilikwisha kupotea katika siku zile mbili, na haitarudi. Hilo nalijua, na ninalo mpaka leo.

Nilimfuata Sista Anastazia kwenye meza yake nikamwomba radhi. Aliweka kalamu chini.

"Nimekusamehe, Naima, lakini nisikilize," alisema. "Kiswahili ndicho kinachonifanya mimi Mgogo niongee na wewe na rafiki yako, na nchi hii ingekuwa taabu bila hicho. Kiingereza nacho kisome, vitabu vya udaktari vimeandikwa kwa hicho. Lakini Alhamisi ile hakuna kati ya hizo iliyoweza kumsaidia bibi yako. Iliyotakiwa ilikuwa ile uliyokuwa nayo wewe tu. Usimwonee mtu aibu kwa lugha anayoisema, wala usijionee. Na ukiulizwa jambo linalogusa uhai wa mtu, sema kweli, hata kama anayekusikiliza ni rafiki unayempenda."

Nilirudi kitandani. Bibi alikuwa ameketi, ananitazama kwa jicho lake jipya kana kwamba ananisoma. Alinivuta karibu akaniuliza kwa Kirangi, neno kwa neno kama njiani siku ile, kama sasa wamemruhusu kuweka paji la uso chini.

Elieth alikuwa hapo hapo, anamimina chai. Nilimwomba Bibi anisubiri kidogo. Nilikwenda kwa daktari nikamuuliza, akanijibu, nikamuuliza tena ili niwe na hakika. Kisha nikarudi, nikaketi kando ya Bibi, na kwa Kirangi, kwa sauti yangu yote, nikamwambia bado.